Mkaaji wa Kale wa Mlima Elgon

Anayeupanda Mlima Elgon kutoka Kapsokwony, Kaunti ya Bungoma, hupita kwanza mashamba ya mahindi, kahawa na viazi. Kisha huingia msitu wa Kaberwa wenye podo na mitarakwa, hupenya mianzi, na mwisho hutokea kwenye uwanda wa Chepkitale, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo hali ya hewa si ile aliyoiacha mjini. Usiku maji yanaweza kuganda ndani ya sufuria, na adhuhuri jua la ikweta linachoma shingo. Miti imekuwa mifupi, majani yamekuwa membamba, na matawi yamefunikwa na kuvumwani inayoning'inia kama ndevu.

Kwenye kingo za njia, chini ya vichaka vya erika, ndiyo makazi ya mmea ambao wapandaji wengi huukanyaga bila kuuangalia. Shina lake hutambaa ardhini, likitia mizizi hapa na pale, na mwili wote umevikwa vijani vyembamba vilivyosongamana, kila kimoja kikiishia kwenye unywele mweupe. Kutoka kwenye shina hilo husimama vijiti vyembamba, na juu ya kila kijiti huota vibunzi viwili au vitatu vya rangi ya manjano, virefu kuliko ukucha. Ukikigusa kibunzi kilichokomaa, kinatoa wingu la unga. Unga huo ukiumwaga juu ya maji na kuchovya kidole ndani yake, kidole hutoka kikavu, kwa kuwa kila chembe ina ngozi yenye nta isiyokubali kulowa. Mmea wenyewe hauna ua, hauna tunda, hauna mbegu. Unga ndio uzazi wake wote.

Wanabotania wanauita Lycopodium clavatum. Katika simulizi hii nitauita likopodi. Ni mmea uleule unaotambaa chini ya misunobari ya Finland, Uswidi, Urusi na Kanada, katika misitu ambako theluji hulala miezi mingi kwa mwaka. Kutoka misitu hiyo hadi milima yetu kuna jangwa la Sahara, kuna bahari, kuna nyanda za joto ambamo likopodi hii haiwezi kuishi hata mwaka mmoja, na bado imo kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Historia ya Elgon imeandikwa kwa majina ya watu na koo: Masaba, Wakony, Wabukusu wa ngome ya Chetambe, Elijah Masinde. Ni historia ya haki na inastahili kusomwa. Lakini mlima una mkaaji mzee kuliko majina hayo yote, na nadhani umefika wakati naye apewe kurasa zake.

Ukoo wa likopodi ulikuwepo kabla ya maua, kabla ya ndege, kabla ya dinosaria. Miaka zaidi ya milioni 300 iliyopita, katika kipindi ambacho wanajiolojia wanakitaja kwa jina la makaa ya mawe, binamu zake walikuwa miti. Lepidodendron ulifikia urefu wa mita 30 na zaidi, shina lake likiwa na makovu ya majani yaliyopangika mshazari kama magamba. Iliota kwenye vinamasi vya nchi ambazo leo ni Uingereza, Ujerumani na mashariki ya Marekani, na wakati huo nchi hizo zilikuwa kwenye ikweta au karibu nayo. Afrika ilikuwa mbali kusini, sehemu zake zikiwa zimefunikwa na barafu. Mabara yamebadilishana nafasi tangu hapo: wao wamekwenda kwenye baridi, sisi tumekuja kwenye joto.

Miti hiyo ilianguka ndani ya maji yasiyo na hewa, ikazikwa, ikashindiliwa na uzito wa udongo, ikawa makaa ya mawe. Ulaya ilipoyachimba na kuyachoma, mambo ya dunia yakageuka. Makaa hayo ndiyo yaliyoyeyusha chuma cha reli, na ndiyo yaliyozisukuma meli zilizoshusha shehena ya reli Mombasa kuanzia mwaka 1896. Tawi la reli lilipofika Kitale mwaka 1926, na njia kuu ikapita Webuye na Bungoma kuelekea Uganda, nguvu iliyoileta ilikuwa imehifadhiwa ndani ya mabaki ya jamaa za mmea unaokanyagwa kwenye njia ya Chepkitale. Wakati miti ile mikubwa ilipokwisha, wadogo wa ukoo waliendelea kuishi, wakijibana mahali ambapo mimea yenye maua haikuwasumbua sana. Ukubwa uliwaangamiza wakubwa; udogo uliwavusha hawa.

Elgon yenyewe ni kijana mbele ya ukoo huo. Volkano iliyoujenga ilianza kutapika zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na hivyo ni mmoja wa milima mikongwe ya volkano Afrika Mashariki, wenye umri mkubwa kuliko Kilimanjaro na Mlima Kenya. Kitako chake kina upana wa kilomita zipatazo 80. Kilele kilipobomoka ndani kikaacha kasoko pana ya kilomita kama 8, na kwenye mdomo wa kasoko hiyo vimebaki vilele vya leo: Wagagai upande wa Uganda wenye mita 4,321, Sudek, na Koitobos unaoonekana kutoka Endebess. Ndani ya kasoko huzaliwa Mto Suam, unaotoka kwa korongo upande wa mashariki, ukageuka Turkwel na kumalizikia Ziwa Turkana. Upande wa kusini maji hushuka kwa mito ya Kuywa na Kimilili kuelekea Ziwa Viktoria. Mlima mmoja unanywesha mabonde mawili ya maji yasiyokutana.

Likopodi ilifikaje huko juu? Jibu limo kwenye unga. Chembe moja ya unga huo, ambayo kitaalamu ni spora, ina upana wa karibu sehemu 3 za mia za milimita. Upepo wa juu unaweza kuibeba chembe nyepesi hivyo kupita bara zima. Spora moja pekee ikidondoka mahali panapofaa yaweza kuanzisha kizazi, kwa sababu mche unaotoka humo hubeba upande wa kiume na upande wa kike kwa pamoja.

Hata hivyo, safari ya angani ndiyo sehemu rahisi. Spora ikiisha kutua huzama ndani ya udongo, na inaweza kukaa huko miaka kadhaa kabla ya kuota. Kinachoota hakifanani na mzazi wake hata kidogo: ni kijidonge cheupe cha milimita chache, kisicho na jani wala rangi ya kijani, kinachoishi gizani kwa kulishwa na kuvu waliomo ndani ya mwili wake. Hukaa hivyo miaka mingi, wakati mwingine zaidi ya kumi, ndipo kitoe chipukizi la kwanza linaloiona nuru. Watu wa Ulaya walikuwa wameuuza unga wa likopodi kwa mamia ya miaka bila kumjua mtoto huyu wa chini ya ardhi. Walimtambua katika karne ya 19 tu, na mojawapo ya kazi kubwa juu yake ilifanywa Java na Mholanzi Melchior Treub katika miaka ya 1880. Kwa hiyo ukiona zulia la likopodi pembeni mwa njia, jua kwamba limeanza kabla ya mtoto wa darasa la 4 kuzaliwa, na huenda kabla ya mwalimu wake.

Kulikuwa na wakati ambapo mmea huu haukuhitaji kupanda juu kiasi hiki. Katika kipindi cha mwisho cha barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, Elgon ulikuwa na mito ya barafu kwenye vilele vyake, na imeacha alama zake kwenye miamba na kwenye vijiziwa vya juu. Nchi ilikuwa baridi na kavu kuliko sasa. Ukanda wa erika na nyasi za mlimani ulishuka karibu mita 1,000 chini ya ulipo leo, na msitu ukapungua. Haya tunayajua kwa sababu ya matope. Kuanzia miaka ya 1970 mtafiti Alan Hamilton na wenzake walitoboa vinamasi na vijiziwa vya Elgon, wakatoa nguzo za tope zilizokuwa zimetuama tabaka juu ya tabaka, na wakahesabu chavua iliyonaswa ndani yake. Chavua ya kila mmea ina umbo lake, na ngozi yake haiozi katika tope lisilo na hewa. Kwa kuhesabu tu, waliweza kuona msitu ukirudi polepole baada ya barafu kuyeyuka, na kuona mimea ya baridi ikisukumwa juu.

Na hapa likopodi inaingia kwa mlango ambao haukutarajiwa. Anayehesabu chavua kwenye tone la tope hukabiliwa na swali gumu: nimehesabu 300 kwenye kioo, lakini zilikuwa ngapi kwenye tope lote? Mwaka 1971 Mdenmark Jens Stockmarr alichapisha njia ya kulijibu. Unachukua vidonge vilivyotengenezwa kwa spora za likopodi, kila kidonge kikiwa na idadi ya spora inayojulikana, unaviyeyusha ndani ya tope, kisha unahesabu chavua na spora kwa pamoja. Uwiano wa hizo mbili unakupa jumla. Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, kilikuwa kikitengeneza vidonge hivyo kwa maabara za dunia nzima. Mtu anayesoma leo historia ya ziwa lolote la Afrika, akijua mvua ilikatika lini na moto ulikuja lini, mara nyingi amepimiwa na unga wa mmea huu. Nimesoma mengi juu ya sifa za mimea, na sioni heshima kubwa kuliko hii: kuwa kipimo cha mimea mingine yote.

Watu walikuwa juu ya mlima zamani sana kabla ya mtu wa kuandika kufika. Waogiek na jamaa zao wa Kisabaot waliishi msituni na kwenye nyanda za Chepkitale, wakirina asali na kuchunga, na wengine walilala na mifugo yao ndani ya mapango. Mwishoni mwa mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alifika kwenye mapango hayo na msafara wake kutoka pwani, akastaajabu kukuta watu na ng'ombe ndani ya mwamba, na akabuni kwamba ni Wamisri wa kale waliotoboa. Alikosea. Maji na wanyama wamefanya kazi kubwa humo; katika pango la Kitum ndovu bado huingia gizani kuchokonoa chumvi kwa pembe zao. Mwaka 1890 Frederick Jackson na Ernest Gedge wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki waliupanda mlima na kuvuka kasoko. Wapagazi waliowabebea hema, bunduki na masanduku walikanyaga njia ileile kwa miguu mitupu kwenye baridi ile, na vitabu havikuwapa nafasi waliyostahili. Kilele kimoja kikapewa jina la Jackson.

Huko Ulaya likopodi ilikuwa na jina na kazi tangu zamani. Mswidi Carl Linnaeus aliiandika rasmi mwaka 1753, katika kitabu kilichoanzisha utaratibu wa majina mawili kwa mimea yote. Wenye maduka ya dawa walipaka vidonge kwa unga wake ili visigandane. Kwa kuwa kila chembe ina mafuta mengi, unga huo ukirushwa juu ya mwali huwaka ghafla na kuzimika papo hapo bila moshi mwingi, na kumbi za maigizo ziliutumia kutengeneza radi na miali ya jehanamu. Ndugu wawili wa Kifaransa, Claude na Nicéphore Niépce, walijiuliza kwa nini mlipuko huo usifanye kazi ya maana. Mwaka 1807 walipata hati ya uvumbuzi kwa injini iliyochoma unga wa likopodi ndani ya chumba kilichofungwa, nayo ikasukuma mashua dhidi ya mkondo wa Mto Saône. Ni mojawapo ya injini za kwanza kabisa za kuchoma mafuta kwa ndani, na kizazi chake ni kila bodaboda inayonguruma leo pale stendi ya Kitale. Nicéphore huyohuyo baadaye ndiye aliyepiga picha ya kwanza inayojulikana kubaki hadi sasa.

Zaidi ya karne moja baadaye, tarehe 22 Oktoba 1938, Mmarekani Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walikuwa katika chumba cha kupanga mtaa wa Astoria, New York. Walikuwa na bamba la zinki lililopakwa salfa. Walilisugua kwa leso likapata umeme, wakaliangazia kwa taa kali kupitia kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mtaa, kisha wakalinyunyizia unga wa likopodi. Unga ulishika pale tu palipobaki umeme. Carlson akapuliza ziada, akakandamiza karatasi yenye nta juu yake, akabandua: maandishi yalikuwa yamehamia kwenye karatasi. Hiyo ndiyo nakala ya kwanza ya mtindo tunaouita fotokopi. Mashine ya kuuzwa maofisini ilitoka miaka 21 baadaye, na siku hizi inatumia wino wa unga mweusi wa kiwandani. Lakini mzazi anayesimama foleni katika kibanda cha fotokopi mjini Bungoma, mkononi ana cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, anatumia uvumbuzi uliozaliwa kwa unga wa mmea ulio juu ya mlima anaouona nyuma ya mji.

Miaka ileile ya kati ya vita viwili vya dunia, macho ya wakusanyaji yaligeukia Elgon. Mwaka 1920 msafara wa Waswidi ukiongozwa na Sven Lovén ulifika mlimani kukusanya wanyama na mimea. Mnamo 1926, mwaka ule ule wa reli, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa vipepeo, ndege na vitabu, alianzisha jumba lake la makumbusho karibu na Kitale. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa makusanyo yake, na mwaka 1974 jengo jipya likafunguliwa mjini, la kwanza kati ya makumbusho ya mikoa ya bara nchini Kenya. Bado lipo, pamoja na kipande cha msitu wa kando ya mto ambamo wanafunzi hutembezwa.

Aliyeifanyia mimea ya baridi ya Elgon kazi kubwa zaidi ni Olov Hedberg, Mswidi wa Uppsala, mji uleule alikofundisha Linnaeus. Alikuja mwaka 1948 akiwa bado kijana na akaizungukia milima mirefu ya Afrika Mashariki mmoja baada ya mwingine, akilinganisha. Aligundua kwamba yote imevaa mikanda inayofanana: msitu chini, erika katikati, na juu kabisa nchi ya lobelia na senesio kubwa. Mwaka 1957 alichapisha orodha ya mimea ya kanda ya juu, na ndani yake ukoo wa likopodi una nafasi yake. Kwenye Elgon jamaa mwingine wa ukoo huo huonekana kwa urahisi zaidi kuliko yule anayetambaa: ni Phlegmariurus saururus, wenye mashina manene ya kusimama wima, yaliyojaa vijani vigumu, ukiota kati ya mafundo ya nyasi hadi karibu na vilele. Mmea huohuo umo kwenye milima ya Amerika Kusini, na huko Argentina watu huuchemsha kwa imani kwamba unaamsha kumbukumbu. Wakemia wa Argentina wameuchunguza kwa sababu hiyo, kama vile Wachina walivyofanya kwa jamaa yake mwingine, ambamo katika miaka ya 1980 walipata kemikali iitwayo hupazini, inayotumika China kwa wagonjwa wanaopoteza kumbukumbu. Simshauri yeyote wa Kapsokwony au Endebess achemshe chochote cha ukoo huu. Kemikali hizo ni kali, na kati ya dawa na sumu kuna kipimo tu.

Mimea iliyokusanywa ilihitaji nyumba. Hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki ilikuwa Amani, kwenye milima ya Usambara, tangu wakati wa Wajerumani. Mwaka 1950 ilihamishiwa Nairobi, na sasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Wakati huohuo bustani ya Kew, London, ilianza mwaka 1948 kazi ya kuandika kila mmea wa porini wa Kenya, Uganda na Tanzania. Ilichukua miaka 64. Sehemu ya likopodi iliandikwa na Bernard Verdcourt, aliyewahi kuongoza hifadhi ya Nairobi, ikatoka mwaka 2005. Kazi nzima ilikamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi 12,104. Tangu hapo, likopodi ni mwenyeji kwa maandishi.

Lakini mlima wenyewe ulikuwa ukibanwa kutoka chini. Walowezi walipochukua nyanda za Trans Nzoia, wachungaji wa Kikony walisukumwa kuelekea msituni na uwandani. Msitu ulitangazwa kuwa wa serikali mwaka 1932. Serikali ilikata miti ya asili na kupanda misunobari na saipresi, wakulima wakiruhusiwa kulima kati ya miche kwa mtindo wa shamba hadi miti ikue. Mwaka 1974 kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilianza kazi Webuye, na kwa miaka 35 kikala misunobari ya mashamba ya misitu ya magharibi kabla ya kufungwa mwaka 2009. Kiliajiri maelfu, na Webuye bado unaumia kwa kukosa mishahara ile. Sisemi kwamba hakikupaswa kujengwa. Ninachosema ni kwamba chini ya shamba la misunobari linalokatwa na kulimwa upya kila miti inapokomaa, mmea unaohitaji muongo mzima gizani kabla ya kutoa jani hauna nafasi ya kuanza.

Hifadhi ya taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka 1968, ikiwa na kilomita za mraba 169 upande wa Trans Nzoia. Kuanzia wakati huo Waogiek wa Chepkitale walihamishwa kupelekwa Chebyuk, na ugawaji wa ardhi ya Chebyuk ukazaa uchungu ambao mwisho wake ulikuwa mapigano ya 2006 hadi 2008, yaliyoua na kufukuza watu wengi. Mwaka 2000 Chepkitale nayo ikafanywa hifadhi. Waogiek waliipeleka serikali mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma ikaamua kwa upande wao. Naona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Uwanda wa Chepkitale ulikuwa na wachungaji kwa vizazi, na Hedberg na Hamilton walipoukuta, mimea ya baridi ilikuwa bado imo.

Hatari zilizobaki ni mbili, na zote hutoka bondeni. Ya kwanza ni moto. Kati ya Januari na Machi nyasi na erika hukauka, na cheche ya mrina asali, mwinda au mchoma makaa inaweza kuteketeza mteremko mzima. Erika huchipua tena baada ya miaka. Vijidonge vyeupe vya likopodi vilivyo karibu na uso wa udongo haviponi. Ya pili ni joto. Mimea ya mlimani inapozidiwa na joto hupanda, kama ilivyofanya barafu ilipoyeyuka, na ardhi ya kupandia hupungua kadiri mlima unavyochongoka. Katika Umoja wa Ulaya uvunaji wa likopodi umewekwa chini ya sheria. Kwetu haina mnunuzi wala mvunaji, na hilo limeilinda kufikia sasa.

Walimu wa biolojia wa Kitale, Kimilili, Kapsokwony na Cheptais wana bahati ambayo wenzao wa Kisumu au Mombasa hawana: wanaweza kuwaonyesha wanafunzi, ndani ya siku moja ya kutembea, mmea ulio hai wa ukoo ambao vitabu huutaja katika sura ya makaa ya mawe. Wapelekeni kwa lango la Chorlim au kwa njia ya Kaberwa, pamoja na mgambo na mtu wa Chepkitale anayeijua nchi. Makumbusho ya Kitale nayo yaweke picha ya mmea huu ukutani, na maelezo yake yawe ya Kiswahili. Na wewe unayepanda kwa matembezi yako, piga magoti uutazame, gusa kibunzi kimoja uone unga, kisha uuache ulipo. Sampuli za kutosha ziko Nairobi. Hakuna anayehitaji nyingine.